Oksijeni ya Beni, Oksijeni ya Butembo

Benchi letu nililichomelea mimi mwenyewe, kwa chuma cha chasi ya Fuso iliyopinduka kwenye mteremko wa Kabasha, nikaliweka mbele ya karakana yangu hapa Butembo, kwenye kona ya barabara inayopanda kuelekea Vulamba. Watu wanaliita Deuxième Session, mtihani wa marudio, kwa sababu wanaokaa hapo ni wale ambao mambo yao hayakupita mara ya kwanza. Mimi ni Paulin, lakini kijiweni naitwa Lunettes, kwa ajili ya miwani myeusi ya kuchomelea ambayo nasahau kuivua hata wakati wa kunywa. Kahawa ni ya Mama Berthe, ambaye sote tunamwita Mama Nadège, kwa jina la binti yake mkubwa. Alikimbia vita kutoka Beu, kule Beni, thermos kichwani na binti amemshika mkono, na tangu hapo kila asubuhi anatumiminia kahawa pembeni ya chupa zangu za gesi. Asubuhi ninayoisimulia alikuwa amekasirika kabla ya kikombe cha kwanza, na mimi nilipopata habari nilikasirika kumzidi.

Habari yenyewe ni hii. Nadège yuko darasa la mwisho, upande wa kemia na biolojia. Siku iliyotangulia alikuwa na mtihani wa mdomo, na Prof Ilunga akamwuliza: atomi mbili za oksijeni zinashikanaje? Msichana akaeleza kama alivyofundishwa Beni kabla ya kukimbia, tena bila kutetemeka. Ilunga akamsikiliza mpaka mwisho, akamwekea sifuri, na juu ya sifuri akaongeza maneno: "Hiyo ni oxygène ya Beni, mama. Huku tuko Butembo."

Mtu aniambie basi. Barabara ya Beni naijua, nimepita vizuizi vyake vyote. Askari wamefungua begi langu, wamefungua hata sufuria ya maharagwe. Sijawahi kuona kizuizi wanakokagua hewa. Na yule mtoto aliacha nyumba, kitanda na mbuzi. Alichovuka nacho ni kile tu kilichokuwa kichwani mwake, na sasa hicho nacho anaambiwa hakina kibali huku. Na mchana wa siku hii ninayoisimulia walimu walikuwa na délibération, mkutano wao wa kufunga alama. Sifuri ile ikibaki, Nadège anarudia darasa, na mwaka mmoja ulikwisha kuliwa na vita. Nilipokuwa nafikiria hayo nilichoma bawaba ya mlango wa watu mpaka ikatoboka.

Ilunga alifika kama kila siku, koti lake la kijivu, viatu vimepigwa rangi. Niseme ukweli, si mtu mbaya. Ametoka Kasaï, serikali imemtuma huku akafundishe, mke wake Kapinga amebaki Kananga, na kwa hasira ya upweke anapenda kanuni. Kijiweni jina lake ni Doublet, maana neno hilo halimtoki mdomoni: doublet ni elektroni mbili zilizoungana, na kwake yeye kemia nzima imesimama hapo. Mama Nadège alinimiminia mimi, akammiminia Abdias mwendesha pikipiki tunayemwita Sans Frein, akammiminia mgeni aliyekuwa amekaa kati yetu, kisha akafunga thermos.

— Mama Nadège, kahawa yangu bado, Ilunga akasema.

— Kahawa ni ya Beni, Prof. Nilitokaka nayo kule. Inaweza kukuumiza tumbo.

Abdias alicheka mpaka akamwaga kikombe chake kwenye suruali. Ilunga hakucheka. Alimtazama mgeni, na mgeni akamtazama yeye, na hapo nikaona kwamba wanafahamiana kwa sifa tu. Mgeni alikuwa Prof Vagheni, aliyemfundisha Nadège kule Beu. Mama Nadège alimpigia simu jana yake, na alfajiri Abdias akamleta kwa pikipiki, wote wawili wamejaa vumbi mpaka kope. Huyo tulimpa jina papo hapo, kabla hajamaliza kahawa: Orbite. Yeye alikuwa anasema orbitale, lakini masikio ya Deuxième Session hayana subira na silabi ya mwisho.

— Prof wa Butembo, Vagheni alianza kwa adabu, mi nimekuja juu ya mutoto.

— Mutoto alikosea, Ilunga akajibu. Mi sina chuki na yeye. Mais programme ni programme. Liaison, kiungo, ni doublet. Atome moja inatoa electron, ingine inatoa electron, zinakuwa mbili, zinakaa katikati. Oxygène inafanya vile mara mbili. Mbili, mbili, bote bameungana. Sasa ule mutoto anasimama mbele yangu anasema kuko electron mbili célibataires. Célibataires zinatoka wapi?

Neno hilo ndilo lililotupoteza. Wenye kemia wanaita hivyo elektroni isiyo na mwenzi, célibataire, na hawaoni ajabu yoyote. Lakini sisi tulisikia kapera, tena kapera wawili ndani ya nyumba moja, na kila mtu akageuka kwenye benchi ili akae vizuri. Abdias alitaka kujua kama hao kapera wana umri wa kuoa. Mimi niliuliza wazazi wao wanasema nini. Vagheni alijitahidi kuturudisha kwenye darasa, kazi ambayo pale haijawahi kumfaulu mtu.

Nitaeleza kwa maneno yangu, maana yake yalikuwa na Kifaransa kingi. Kwa Ilunga, kila elektroni ni ya atomi yake, na kiungo ni ndoa ya wawili: mmoja wa huku, mmoja wa kule, wamejenga katikati, hawajui majirani. Kwa Vagheni, atomi zikishaungana hakuna tena cha huku na cha kule. Elektroni zote zinakuwa za nyumba nzima, na nyumba ina vyumba vinavyoanzia ukuta wa huku mpaka ukuta wa kule, vyumba hivyo ndivyo orbitales. Zinajaza vyumba kuanzia chini. Katika oksijeni, juu kabisa vinabaki vyumba viwili vya kimo kimoja na elektroni mbili, na kila moja inachukua chumba chake, maana hakuna anayependa kubanana wakati nafasi ipo. Ndiyo hao kapera wawili wa Nadège.

— Ile ya chumba njo ya kweli, Mama Nadège akasema. Kwetu Wanande mutu hapana oaka peke yake. Mbuzi za mahari zinakuliwa na jamaa muzima. Bibi akiingia, iko wa nyumba yote.

— Hata kwetu Kasaï ni vile, Ilunga akakubali, kisha akashtuka kwamba amekubali. Mais ile ni ndoa, Mama. Hapa tunasema kemia.

— Weye njo ulileta célibataire, Prof. Sasa nikuulize. Mama Kapinga iko Kananga, weye uko Butembo. Weye ni doublet ao uko célibataire?

Ilunga aliangalia viatu vyake vilivyong'aa, na mimi kwa mara ya kwanza asubuhi ile nilimwonea huruma, huruma fupi. Mama Nadège naye aliona amegonga pabaya, akafungua thermos, akammiminia nusu kikombe. Ilunga akapokea kwa mikono miwili.

Abdias hapendi kimya, na kimya kikizidi huwa anakijaza kwa nadharia. Alisema yeye yuko upande wa Doublet, kwa sababu mali ya nyumba nzima ndiyo hii barabara yetu: ni ya wote, na nani anaitengeneza? Elektroni ikiwa ya wote, siku ya kazi utaitafuta usiipate. Kisha akaendelea mbele, kama kawaida yake, bila breki. Alidai kwamba orbitales ni mpango wa watu wa Kinshasa ili elektroni zetu zihesabiwe kule, ndiyo maana umeme hatuupati. Vagheni alimweleza kwamba elektroni hazisafiri hivyo. Abdias akamwambia kwamba yeye ndiye anayesafiri, na anajua kinachosafiri na kisichosafiri.

Hapo Vagheni akakasirika naye, akasema jambo ambalo kama angelinyamazia tungepumzika. Alisema ushahidi upo: oksijeni inavutwa na sumaku. Kitu ambacho elektroni zake zote zimeungana mbili mbili hakivutwi. Kikivutwa, lazima ndani yake kuna zilizo peke yake, na iwe Beni, Butembo au Kinshasa ni vilevile.

— Sumaku? Abdias akauliza. Lunettes, si uko na oxygène?

Ninayo. Chupa ndefu ya oksijeni, pembeni ya ile ya asetileni, nimezifunga kwa mnyororo kwenye nguzo, kwa sababu chupa hizo zikianguka mtaa mzima unajua. Nikamwambia asiguse. Alikuwa amekwisha kuingia karakana, akang'oa sumaku ya spika ya redio niliyokuwa nimeitunza kwa kuokotea misumari, akarudi nayo kama mtu anayeleta hostia. Akaisogeza kwenye chupa. Sumaku ikaruka mkononi mwake ikabamiza chupa, tap, ikashika.

Kijiwe kikasimama. Mama Nadège alipiga makofi mara moja akainua mikono. Abdias alisema kesi imekwisha, sumaku imesema, Nadège apewe alama zote na za mwaka uliopotea ziongezwe. Mimi nami, nisijitoe, nilimpiga Vagheni begani nikamwita Professeur Ordinaire, cheo cha juu kabisa cha chuo kikuu. Ni Ilunga peke yake aliyebaki amekaa. Alimalizia kahawa yake, akainuka polepole, akang'oa sumaku kwenye chupa ya oksijeni, akaiweka kwenye chupa ya asetileni. Tap. Akaing'oa, akaiweka kwenye nguzo. Tap. Akaiweka kwenye benchi langu la chasi. Tap.

— Nguzo nayo iko na oxygène ndani? aliuliza.

Chupa ni chuma. Mimi, fundi wa chuma, nilihitaji mtu wa doublet kutoka Kasaï anikumbushe kwamba chupa ni chuma. Vagheni alikuwa amefunika uso kwa mikono yake. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba jaribio lenyewe linahitaji oksijeni iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika, na kimiminika hicho ndicho kinachoning'inia kwenye sumaku, na kwamba yeye mwenyewe hajawahi kukiona isipokuwa kwenye simu. Ilunga akasema hata yeye hajawahi, laboratwari ya shule yao ina kabati, na kabati lina buibui. Kwa hiyo walimu wawili wa kemia, kila mmoja na miaka yake ya ubao na chaki, wamemgombania mtoto juu ya kitu ambacho hakuna aliyewahi kukishika. Hasira yangu ilipanda upya, lakini safari hii sikujua niielekeze kwa nani.

Abdias alijua. Alikuwa bado ameshika sumaku, anaigeuza geuza, na aliposema alisema taratibu, bila mzaha, na hicho ndicho kilichotuumiza.

— Kumbe njo ile. Kule Beni chuma zinatufuata. Masasi, mapanga. Kumbe ni ile oxygène yetu njo inazivuta.

Pikipiki mbili zilipita na magunia ya viazi kutoka Musienene. Mama Nadège alikuwa anafuta kikombe ambacho kilikuwa kimekwisha kukauka.

— Abdias, akasema. Batu benye tulizika, hapana oxygène njo ilibauwa. Usirudilie ile maneno hapa.

Abdias akaomba msamaha. Akaiweka sumaku chini ya benchi, nayo ikashika benchi, na hakuna aliyecheka. Mama Nadège akageukia walimu wote wawili pamoja. Alisema yeye hakusoma kemia, lakini amekaa na watu wazima, na amechoka kusikia huyu anasema kweli na yule anasema kweli na mtoto ndiye mwongo. Akachukua vikombe viwili vitupu akaviweka juu ya kibao mbele yao. Akafungua mfuko wa kahawa aliyoikaanga kwa ajili ya kutwanga, akatoa punje mbili, akaziweka katikati.

— Hapana oxygène. Anzieni kitu ya mudogo. Atome mbili, electron mbili. Mutu wa kwanza aonyeshe.

Vagheni akasema basi hiyo ni hidrojeni, ndiyo ndogo kuliko zote. Ilunga alikuwa wa kwanza. Akaweka punje moja katika kikombe hiki na moja katika kile. Alisema zinaweza kubadilishana nafasi, hii ikaenda kule na ile ikaja huku, lakini daima ni moja na moja. Hiyo ndiyo ndoa yake.

Vagheni akazichukua. Alisema kila punje inatembea nyumba nzima bila kumwuliza mwenzake, kwa hiyo kuna namna nne: hii huku na ile kule, ile huku na hii kule, zote mbili huku, zote mbili kule. Zote nne sawa. Aliziweka moja baada ya nyingine ili tuone.

— Ngojeni, nikasema. Prof, si electron zinachukiana?

— Zinasukumana, ndiyo.

— Sasa batu benye banasukumana, unabaweka kikombe moja nusu ya wakati?

Vagheni alitazama vikombe kama anayevikuta barabarani. Kisha akakubali kwamba ni kweli, mwanzoni hesabu yake inazidisha, inazikutanisha mno. Baadaye mtu lazima arekebishe, apunguze zile nyakati ambazo zote ziko kikombe kimoja. Ilunga alitabasamu, tabasamu la mtu aliyeshinda, na Vagheni hakumwacha alimalize.

— Na weye, Prof? Electron zako hapana kutana hata siku moja?

— Moja na moja.

— Hata mara moja? Hata kidogo?

Ilunga alikuna kidevu. Alisema, kwa kuwa yupo mbele ya mwenzake wa kazi, kwamba kusema kweli hata hesabu yake haifiki vizuri ikibaki hivyo. Kitabuni, baada ya kurasa kadhaa, wanaongeza nafasi ndogo ya zote mbili kuwa huku, na nafasi ndogo ya zote mbili kuwa kule. Kidogo tu. Wanafunzi hawafundishwi, wangechanganyikiwa.

— Donc mi ninapunguza, Vagheni akasema.

— Na mi ninaongeza, Ilunga akasema.

Wakatazamana juu ya vikombe. Nilikuwa sijaelewa nusu ya yale waliyosema, lakini hilo nililielewa vizuri kabisa: mmoja ameanza na nyingi anatoa, mwingine ameanza na sifuri anajaza, na wakiwa waaminifu wote wawili wanafikia kipimo kilekile. Abdias alilielewa kabla yangu, kwa sababu ndiyo kazi yake.

— Donc moja anatoka Beni, moja anatoka Butembo, bote banakutana Maboya, katikati ya njia.

— Exactement, walimu wakajibu kwa pamoja, na kwa kujibu pamoja wakacheka.

Tangu hapo hawakushikika. Walipeana mikono, wakakumbuka vyuo vyao, wakagundua kwamba wote wawili walisoma kwa kitabu kilekile kilichokosa jalada. Ilunga alikwenda mbali zaidi. Alisema hata oksijeni, mtu akiwa na subira, anaweza kuiandika kwa njia yake ikatoka kama ya Nadège: doublet moja katikati, na pembeni yake viungo viwili vya elektroni tatu-tatu, na ndani ya kila kimoja inabaki moja isiyo na mwenzi. Célibataires mbili. Aliyasema hayo kwa raha ya mtu aliyeona kitu kizuri, na nadhani kwa dakika ile alikuwa mwalimu kweli, si mtu wa kanuni. Mama Nadège ndiye aliyemkatiza.

— Basi utasema vile ku délibération.

Raha ikamwishia. Alianza kuzungukazunguka kwa maneno. Alisema kubadilisha alama si jambo la kijiweni. Itabidi asimame mbele ya préfet, mkuu wa shule, na walimu wote, aseme kwamba yeye, Ilunga, alihukumu vibaya. Watauliza kwa nini alikagua haraka. Watauliza kama ndugu wa mwanafunzi wamemwona na bahasha. Na programme, hata kama haijafika Maboya, ndiyo programme. Pengine mwakani, alisema, kwa utulivu, wangekaa na Vagheni waandike kitu pamoja. Vagheni, na hili sitamsamehe upesi, alitikisa kichwa kukubali. Alisema ni wazo zuri sana. Nami nilitaka kuwagonganisha vichwa nione kama wangetoa doublet.

Ndipo Nadège alipotokea. Alikuwa ameteremka kutoka shule, sare ya bluu na nyeupe, akamletea mama yake ndoo ya maji ya kuoshea vikombe. Aliwasalimu walimu wote wawili, wa kwanza Vagheni, ambaye hakuwa amemwona tangu kukimbia, na uso wa msichana ukafunguka kidogo. Abdias hakuweza kungoja.

— Nadège, furahi, bamepatana. Ya Beni na ya Butembo ni moja. Bamekutana Maboya.

Msichana aliweka ndoo chini. Alitazama vikombe viwili na punje mbili za kahawa. Akavielewa mara moja, niliona, bila kuelezwa. Akamgeukia Ilunga, si kwa dharau, kwa sauti ileile ambayo nadhani alijibia mtihani.

— Prof, kama zote mbili zinafika fasi moja, zero yangu ilitokea wapi?

Ilunga alimtazama Vagheni, na Vagheni alikuwa anatazama vikombe. Abdias, ambaye ana jibu la barabara, la umeme na la vita, alianza kufunga kamba ya kiatu. Mimi nilishusha miwani yangu myeusi machoni ingawa sikuwa nachomelea kitu. Mwishowe Ilunga, kwa kukosa la kufanya, akanyoosha kikombe chake kwa Mama Nadège.

— Kahawa imeisha, Mama Nadège akasema.

Aliweka mkono juu ya thermos alipokuwa anasema. Nilikuwa karibu yake, na aliposogeza ile thermos nilisikia kahawa ikicheza ndani, nzito, si chini ya nusu.

— Imeisha, Prof. Itapatikana nyuma, délibération ikimalizika.

Ilunga naye alisikia, nina hakika. Aliweka kikombe kwenye kibao, pamoja na vile viwili. Alisimama. Kutoka kona yetu njia moja inashuka kwenda chumba alichopanga, nyingine inapanda kwenda shule, na saa ya mkutano ilikuwa bado mbali. Alikaa pale kona muda mrefu, mgongo umetugeukia. Halafu akaanza kupanda.

— Prof, Mama Nadège akamwita. Koti yako.

Alikuwa ameliacha kwenye benchi. Alisimama bila kugeuka kabisa.

— Bakia nayo, Mama. Nitakuja kuikamata nyuma ya délibération.

Nami nasema bado nina hasira, sitaificha. Mtu mzima amehitaji asubuhi nzima, vikombe viwili, na mwalimu kutoka Beni aliyekula vumbi la barabara nzima, ili apande mlima aseme jambo ambalo mtoto alilisema jana kwa dakika chache. Na kule juu sijui atasema nini. Vagheni alichukua punje mbili za kahawa akazirudisha kwenye mfuko wa kahawa wa Mama Nadège, taratibu, moja baada ya nyingine.

Nadège alilikunja lile koti la kijivu, akaliweka magotini, akakaa mahali alipotoka Ilunga, hapo Deuxième Session. Mama yake akafungua thermos, akamjazia kikombe mpaka juu.